Mbwa wa Kubilisa

Mjini Bariadi, pale barabara ya kutoka stendi inapopinda kuelekea ghala la zamani la ushirika, kuna benchi. Ni mbao mbili nene zilizokuwa zikipangiwa marobota ya pamba, na ukiziangalia vizuri bado zina madoa ya wino wa ghalani. Mbele ya benchi ni jiko la mkaa la Eufrasia, birika lake la kahawa na sinia ya kashata. Mimi hukaa mwisho kabisa, upande wa ukuta, kwa sababu hapo kivuli kinakaa sana, na kwenye kivuli hicho nilikuwa nimetandika gunia la Fifi. Fifi alikuwa mbwa jike, mzee, haoni, ana kifafa, na miguu yake ya nyuma ilikuwa imechoka kumbeba. Hakuwa wangu. Alikuwa wa Mahona, aliyekuwa mlinzi wa ghala. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya msimu wa pamba, katika miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia kila kijiji na mizani yao. Tulikuwa tumeletewa salamu na kondakta wa basi la Maswa: Mahona anakuja kumchukua mbwa wake.

— Hapa hachukuliwi mtu, alisema Machibya.

Machibya tulimwita Soko Huria. Alikuwa kijana wa kununulia pamba kampuni moja ya Mwanza, na kila jambo kwake lilikuwa biashara.

— Huyu si mtu, ni mbwa, alijibu Josia.

— Mbwa anayemeza vidonge vya binadamu asubuhi na jioni? Mzee, huyo ni nusu mtu tayari. Imebaki kadi ya kura tu.

— Mwenye mbwa anakuja, apewe mbwa wake. Mali ya mtu ni ya mtu.

— Mzani, una roho ngumu wewe. Ndiyo maana mlikuwa mnatupunja.

Josia tulimwita Mzani kwa kuwa alipima pamba ya ushirika tangu ujana wake hadi siku walipopunguza watu. Hata ukimpa kikombe cha kahawa, atakishika kwanza hewani kidogo, kama anakisikiliza uzito.

— Nilikupunja lini, mtoto wewe?

— Baba yangu alikuwa anasema. Eti gunia likipanda mzani, na goti lako linapanda kulisaidia kwa chini, linakuwa jepesi.

— Goti langu lilikuwa linauma! Nina ugonjwa wa goti!

— Kila msimu wa pamba tu?

Eufrasia alicheka mpaka akaweka birika chini.

— Na hiyo mizani yenu ya sasa, alisema Josia, haihitaji hata goti. Inapunja yenyewe.

— Lakini tunalipa hapohapo, mkononi. Nyie mlikuwa mnampa mkulima karatasi, anakaa nayo mpaka panya wanaizoea.

Hilo lilikuwa kweli, na baba yake Machibya alikuwa mmoja wa waliokaa na karatasi.

Nieleze Fifi alivyofika kwangu. Mahona alimpata akiwa kitoto, akampa jina hilo kwa ajili ya rangi. Pamba safi ni ile nyeupe. Fifi ni ile iliyonyeshewa au kushika vumbi, ikawa ya manjano. Mbwa alikuwa hivyo hivyo. Walilinda ghala pamoja miaka mingi. Siku moja robota likadondoka toka juu ya rundo, likampiga kichwani. Hakufa, lakini kuanzia hapo akawa anaanguka. Kisha chama cha ushirika kikaishiwa nguvu, ghala likafungwa, Mahona akaambiwa aende nyumbani. Kwao ni Shishiyu, huko Maswa. Siku ya safari, palepale mlangoni pa basi, Fifi akaanguka, povu likamtoka, abiria wakaruka madirishani. Dereva akasema mnyama huyo haingii.

Mke wangu Nyamizi alikuwa anatoka zamu kwenye zahanati ya misheni, alikofunga vidonda na kugawa dawa. Alipiga magoti mavumbini na sare yake nyeupe, akamshika yule mbwa kichwa hadi akatulia. Mahona alikuwa analia, na mwanaume wa Kisukuma halii stendi. Akamwita mama kwa Kisukuma, akasema: "Mayu, ninakubilisa huyu." Nyamizi akajibu: "Nimempokea. Atakaa kwangu mpaka uje."

Kwetu kubilisa ni jambo la ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe wengi, au asiye na malisho, humkabidhi mwenzake amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, samadi anatia shambani, lakini ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe. Siku mwenyewe akimtaka, humnyimi. Ng'ombe akifa, unampelekea ngozi ili ajue hukumla kwa siri. Hayo yote hayaandikwi popote. Ni neno tu, na neno hilo lilikuwa linatosha.

Mimi sikuwa nimezoea mbwa ndani ya nyumba. Nyamizi alimwomba sista wa zahanati ushauri, akapata vidonge vya kifafa, akawa anavificha kwenye tonge la ugali uliolainishwa kwa maziwa, maana meno ya Fifi yalikuwa yameisha. Miguu ilipochoka, alichukua kanga yake akaipitisha chini ya tumbo la mbwa, akamshikilia kama mtu anayebeba mzigo kwa mkono, akamtoa nje kujisaidia. Halafu Nyamizi naye akaugua presha, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata Mungu alimwita. Nikabaki na nyumba, rozari yake, na Fifi. Vidonge niliendelea kuvipata kwa sista. Kanga niliendelea kuishika mimi. Watu wakanicheka wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Padre aliniona njiani, nikamwuliza kama ni kosa kumwombea mbwa baada ya kumwombea mke. Alifikiri, akasema: "Anza na mke." Tangu hapo nafanya hivyo.

Turudi kwenye benchi.

Januarius alifika na fimbo yake, akatusalimia wazee kwa sauti ya barazani.

— Mwangaluka banamhala!

— Mwangaluka, tukaitika.

Januarius alipata kuwa mzee wa baraza katika Mahakama ya Mwanzo. Muda wake ulikwisha zamani, lakini mdomo haukuambiwa. Kijiweni aliitwa Wakili.

— Nimesikia shauri, alisema, hata kabla hajakaa. Mzee Pole, usiogope. Nitakusimamia.

Mzee Pole ni mimi. Ni kwa sababu ya kusema taratibu.

— Hakuna shauri, Januarius. Mtu anakuja kumchukua mbwa wake.

— Usijibu bila wakili! Sasa. Tuanze na maziwa. Mtu aliyebiliswa anakunywa maziwa. Wewe umekunywa maziwa gani?

— Jamani, ni asubuhi.

— Nauliza kisheria.

— Sikunywa maziwa yoyote.

— Samadi?

— Hiyo ipo, alisema Eufrasia. Juzi ilikuwa hatua moja na jiko langu.

— Je, alizaa? Maana mtunzaji mwema hupewa mtamba kwa shukrani.

— Alikuwa ameshaacha kuzaa kabla ya Machibya kuota ndevu, alisema Josia.

— Basi! Wakili alipiga fimbo chini. Hakuna maziwa, hakuna mtamba, samadi haina shamba. Mtunzaji amefanya kazi bure. Mpaka atakapofidiwa, mbwa habanduki kwenye gunia.

— Sitaki fidia, nikasema.

— Umesikia, Eufrasia? Mteja wangu ana huzuni, hajui anachokisema.

Soko Huria alisogea mbele.

— Nyie mnazunguka. Jambo jepesi. Mahona akija, tumwambie mbwa alikufa. Pole sana mzee, karibu kahawa, panda basi lako.

— Atataka ngozi, alisema Josia.

— Kwa bucha pale kuna ngozi ya mbuzi, nyeupe yenye manjano. Imefanana kabisa.

— Ya mbuzi?

— Tutasema alikonda.

— Na pembe? Ile ngozi bado ina kichwa chenye pembe.

— Maradhi, alisema Soko Huria. Dawa za binadamu, zimemtoa pembe. Kwani nani amewahi kumpa mbwa dawa hizo, akajua mwisho wake?

Chini ya benchi Fifi alikoroma kwa nguvu. Eufrasia akaonyesha kwa kijiko.

— Marehemu anakoroma.

Tukacheka wote, hata mimi. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, na nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine aliyekaa karibu.

Josia hakucheka muda mrefu. Alikuwa ameinamia kikombe chake.

— Mimi nina swali zito zaidi. Huyu mbwa ni wa Mahona kwa haki gani? Alikula wapi? Alikula ghalani. Mlinzi alikuwa anapewa posho yake na unga wa mbwa. Unga wa chama. Mifupa hii, ngozi hii, ni unga wa chama. Sasa Mahona ni mchungaji tu. Mchungaji anaweza kumbilisa ng'ombe wa tajiri wake?

— Hawezi! alisema Wakili, macho yakamng'aa.

— Kwa hiyo mbwa huyu ni wa wanachama wote. Wa Nkoma, wa Dutwa, wa kila mahali. Hata baba yake huyu Machibya ana haki ya ukucha mmoja.

— Ukucha wa baba nauuza, alisema Soko Huria. Halafu nanunua pua.

— Subirini, alisema Wakili, na sasa alikuwa anazungumza polepole kwa furaha. Kama mbwa ni wa chama, na chama kimekodisha ghala kwa kampuni pamoja na vilivyomo... Si walikodisha na vilivyomo?

— Walikodisha na vilivyomo, alisema Josia. Hata mzani wangu.

— Basi Fifi alikuwa kati ya vilivyomo! Mwenye Fifi ni yule tajiri wa kampuni!

Kwa muda sote tulitazama barabara ya ghalani, kana kwamba lori la tajiri lingetokea pale kuja kudai mbwa kipofu. Likatokea trekta la mtu wa kuuza maji, tukapumua.

— Wakili, alisema Eufrasia, umemwokoa kwa Mahona, ukamtia kwa mzungu.

— Si mzungu, yule ni wa Mwanza, alisema Soko Huria.

— Mwongeze kahawa, alisema Josia, atapata njia ya kumtoa.

— Njia ipo! Anatumia dawa za zahanati. Basi yeye ni mgonjwa wa zahanati. Na mgonjwa hatoki wodini mpaka daktari aruhusu. Hata tajiri hawezi. Hata waziri!

— Wodi yenyewe iko wapi?

— Hapo, chini ya matako ya Mzani.

Josia alisogea kidogo, kwa heshima ya wodi. Akainama akamtazama Fifi. Aliposema tena, ubishi ulikuwa umemtoka.

— Mnakumbuka alivyokuwa anayajua malori? Lori likiwa bado mbali huko, hakuna mtu anayesikia kitu, yeye anasimama. Kama ni la kwetu, anakaa. Kama ni geni, anabweka. Akina mama walikuwa wakimwona amesimama, wanaanza kufunga vitenge vizuri. Watu wanatoka Dutwa na baiskeli zimelemewa pamba mpaka huoni mwendeshaji. Usiku watu wanalala juu ya magunia wakisubiri zamu, wanaimba. Na huyu anapita kati yao, hamgusi mtu. Anamjua kila mwanachama.

— Walikuwa wanalala hapo kwa sababu foleni haisogei, alisema Soko Huria, lakini alisema kwa upole.

— Ndiyo. Haikuwa inasogea. Lakini nilimpata mke wangu kwenye foleni ile.

Eufrasia alimimina kahawa bila kuombwa. Nikaona ni zamu yangu kusema, na wenzangu wakaniachia nafasi, kwa sababu najulikana kuchelewa.

— Nyamizi alisema "mpaka uje". Hakusema mpaka nitakapochoka, wala mpaka nitakapomzoea. Yeye hayupo, hawezi kubadilisha neno lake. Nami sina ruhusa ya kulibadilisha. Mahona akija, amekuja. Nitampa.

— Lakini unataka kumpa? aliuliza Soko Huria.

— Hilo hakuna aliyeniuliza.

— Mimi si ndiyo nauliza sasa?

Asubuhi huamka kwa sababu kuna kidonge cha kutoa. Jioni hufunga mlango mapema kwa sababu kuna kidonge cha kutoa. Katikati ya hapo nina benchi hili. Watoto wangu wako Mwanza na wana maisha yao. Nisingeweza kumweleza kijana wa kampuni mambo hayo akayaelewa, au pengine angeyaelewa sana, na hilo ndilo sikulitaka.

Basi la Maswa lilifika likateremsha watu, na tukamwona Mahona akija upande wetu. Alikuwa amekonda. Kwapani alibana kuku, na begani alikuwa na kamba mpya ya katani. Tulipoiona ile kamba hakuna aliyekumbuka sheria hata moja.

— Mwangaluka, alisema.

— Mwangaluka, Mahona. Karibu.

Hakukaa. Alikuja moja kwa moja mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita kwa jina la baba yangu.

— Pole, ng'wana Mashimba. Pole sana kwa Nyamizi. Nimesikia mwezi huu, mnadani, kwa mtu wa ng'ombe. Mwezi huu! Zamani dereva wa lori la chama angeniletea habari siku ileile, ningezika na nyie. Sasa malori ni mengi lakini hakuna linalojua jina la mtu.

— Nimepoa, nikasema.

— Huyu kuku ni wa matanga. Najua yamekwisha. Mpike hata hivyo.

Alimpa Eufrasia yule kuku. Kisha akachuchumaa mbele ya benchi.

— Fifi.

Fifi aliinua kichwa. Masikio yake yalikuwa bado mazima. Mkia ulipiga gunia, mara ya kwanza taratibu, halafu kwa nguvu mpaka vumbi likatoka. Mahona aliweka kiganja kwenye pua yake, akakiacha hapo.

Wakili alijikohoza.

— Ndugu Mahona, kuna suala la maziwa...

— Nyamaza, Januarius, alisema Eufrasia.

Mahona hakugeuka. Alisema akimtazama mbwa:

— Nilimwachia Nyamizi. Wewe sikukuachia. Mtu aliyefiwa haachiwi mzigo wa mwenzake, ni aibu. Niliposikia tu nilisema, yule mzee yuko peke yake na mbwa mgonjwa asiyemhusu, na mimi nimekaa Shishiyu nakula viazi. Nimejenga kibanda kizuri. Atakaa na mimi. Nimekuja kukutua.

Wenzangu walinitazama. Yeyote kati yao angeweza kusema, "Mahona, si mzigo." Lakini walikuwa wamesema mengi mno asubuhi hiyo, na sasa hawakuwa na neno moja la kweli lililobaki. Nami nilitafuta la kwangu. Nikapata lile la Nyamizi tu.

— Umekuja, nikasema. Mchukue.

Nikaanza kumweleza. Kidonge kinaingia ndani ya tonge, si juu yake, maana akikisikia ulimini anakitema. Maziwa yawe ya uvuguvugu. Asikose dawa hata mara moja kwa sababu umeenda msibani au mnadani. Ukienda, nenda naye. Chombo cha maji kisihamishwe mahali, kwa sababu anakitafuta kwa kukumbuka. Ukimshika mgongoni ghafla atashtuka. Mguse kwanza bega, umwite jina. Mahona aliitikia kila neno, lakini niliona amepotea, kama mtu anayeelekezwa nyumba katika mji asioujua.

— Na kanga? aliuliza, akiitazama ilipokuwa imekunjwa juu ya mapaja yangu.

— Unaipitisha chini ya tumbo. Hivi.

Alijaribu. Aliivuta mbele mno, karibu na mbavu, na Fifi akayumba. Mahona akaogopa, akaongeza nguvu. Mbwa akanguruma kwa hofu, akageuza kichwa huku na huku akitafuta. Kisha shingo yake ikakaza, na nikajua.

— Toeni vikombe, nikasema. Eufrasia, sogeza jiko.

Alianguka ubavu, miguu ikawa inakimbia pasipo kwenda. Povu likatoka. Mahona alirudi nyuma mpaka akaegemea ukuta, uso umekuwa kama majivu, kama siku ile ya stendi. Nilipiga magoti. Sikumfungua mdomo wala sikumbana. Niliweka mkono chini ya kichwa chake kisigonge mbao, nikasema kama Nyamizi alivyokuwa anasema, kwa sauti ile ile ya chini:

— Mhola, mayu. Mhola. Mhola duhu.

Salama, mama, salama tu: nilisema hivyo, nikarudia, nikarudia. Soko Huria alivua kofia, sijui kwa nini. Miguu ikapunguza mbio. Pumzi ikarudi ndefu. Fifi alijikojolea, na mikono yangu na magoti yangu vikalowa, nikamfuta kwa pindo la kanga. Alipozinduka alitafuta kwa pua, akakutana na mkono wangu, akaulamba, akalaza kichwa.

Mahona aliketi chini, mavumbini, kamba mpya ikiwa bado begani.

— Sitaweza hivyo, alisema hatimaye.

— Utaweza. Nami sikuweza mwanzo.

— Ulijifunza kwa mkeo.

— Ndiyo.

Alikaa akifikiri. Halafu akamgeukia Januarius, na aliuliza kwa unyenyekevu, kama mtu aliye mbele ya baraza kweli.

— Wakili, wewe unajua mila. Ng'ombe aliyebiliswa muda mrefu, akirudishwa kwenye boma la mwenyewe, inakuwaje usiku wa kwanza?

— Analia, alisema Januarius. Anataka kutoroka arudi.

— Kwa hiyo nani huenda naye?

Januarius alifungua mdomo kwa ajili ya hotuba. Kisha alinitazama, na hotuba ikamwishia.

— Mtunzaji, alisema. Mtunzaji huenda naye, hulala huko, mpaka mnyama azoee sauti ya mwenyewe.

— Mpaka lini? aliuliza Josia.

— Mpaka azoee.

— Kibanda changu kina vyumba viwili, alisema Mahona. Na kanisa lipo, si mbali, kengele inasikika. Alisema hilo la mwisho akitazama pembeni, kama mtu anayeuza kitu na kuona haya.

Mimi sikuwa nimepanda basi tangu nilipomfuata Nyamizi hospitali ya Mwanza na kurudi naye kwenye sanduku. Nilisema taratibu kuliko kawaida yangu:

— Nina vidonge vya wiki hii mfukoni. Vingine viko nyumbani, kwenye kikopo cha chai.

— Nipe ufunguo, alisema Soko Huria. Nakimbia.

— Na rozari. Iko kwenye msumari.

Akakimbia kweli, kijana wa kampuni, shati jeupe limejaa upepo. Eufrasia alimwaga vikombe vilivyobaki ndani ya birika moja, akagawa, tukapata kila mtu nusu, ya baridi, yenye machicha. Akasema yule kuku atamtunza, atataga, mayai yatatusubiri. Machibya aliporudi na kikopo na rozari, injini ya basi ilikuwa imeshawashwa.

Josia alimshika Fifi kichwa, Januarius akabeba gunia. Mimi nilishika ncha moja ya kanga. Mahona alishika ile nyingine, safari hii karibu na mapaja, mahali panapotakiwa, na tukatembea hivyo hadi stendi, mbwa katikati yetu akigusa ardhi kwa miguu ya mbele tu, kama anayepima kina cha maji. Benchi zima lilitufuata.

Kondakta alikuwa kijana mgeni, hajawahi kutuona. Alisimama mlangoni akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akamtazama Mahona.

— Mwenye mbwa ni nani?

Nilimsikia Januarius nyuma yangu akivuta pumzi kubwa. Nikangoja. Mahona naye alingoja. Josia, ambaye asubuhi nzima alijua mbwa ni wa nani, alikuwa anatazama viatu vyake.

— Wazee, nauliza tu. Mwenye mbwa ni nani kati yenu?

Mahona aliinua upande wake, mimi nikainua wangu, tukapanda.